Alhamisi 14 za Jino Lisilouma

Ofisini kwetu wanaamini kwamba hajawahi kutokea mtu mwenye jino bovu kama langu katika Wilaya nzima ya Temeke. Kila Alhamisi, ikikaribia saa nne asubuhi, hushika shavu, nikakunja uso, nikaaga, kisha nikapanda bodaboda kutoka Kurasini hadi Upanga, ambako hakuna mtu anayeligusa jino langu wala kuliulizia hali. Ninakokwenda kuna kiti cha kitambaa, boksi la tishu na mama mmoja mpole, mwanasaikolojia, ambaye kwa dakika 50 husikiliza mambo ambayo mke wangu ameshachoka kuyasikia. Alhamisi iliyopita ilikuwa ya 14.

Naomba nisihukumiwe kabla ya kusikilizwa. Mimi ni karani wa kutoa mizigo bandarini katika kampuni ndogo ya uwakala wa forodha, na ni kazi hiyohiyo iliyonipeleka kwa yule mama. Mwenye mzigo hana habari na mtandao uliokatika wala nyaraka iliyorudishwa kwa kukosa muhuri. Anachojua ni kwamba siku za bure zikipita, tozo ya kuhifadhi kontena huanza kuhesabiwa, na kwamba namba yangu ya simu anayo. Nilifika mahali nikawa naamka saa tisa za usiku na namba za makontena zikinipita kichwani, kila moja na herufi zake nne na tarakimu zake saba. Usiku mmoja, kwa ushahidi wa mke wangu, niliitaja moja kuanzia mwanzo hadi mwisho huku nimelala fofofo. Alifarijika kidogo kwamba halikuwa jina la mwanamke, lakini kulipokucha akaanza kunitafutia mtaalamu.

Mtaalamu alipatikana, muda ndio uliokosekana. Mama yule hufungua saa mbili asubuhi na kufunga saa kumi na moja jioni, yaani hufungua ninapofungua na kufunga ninapofunga, kana kwamba wagonjwa wake wote ni wastaafu. Anazo nafasi chache za baada ya saa za kazi, lakini hizo zilishachukuliwa na watu wa mabenki, ambao nadhani hata kuchanganyikiwa huchanganyikiwa kwa utaratibu kuliko sisi. Tulijaribu Jumamosi. Ya kwanza ikaingia msiba, ya pili ikawa ya kikao cha harusi ya binamu yangu, ambako mimi ndiye mweka hazina na nisingeweza kutoonekana bila watu kuanza kuuliza zilipo fedha, na ya tatu meli ilishusha makontena yetu sita kwa mpigo.

Nikaigeukia sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko yasiyopungua dakika 60, nami nilipoisoma niliona mwanga, kwa kuwa kikao ni dakika 50. Kisha nikapiga hesabu. Ukitoa 50 katika 60 zinabaki kumi, maana yake tano za kwenda Upanga na tano za kurudi Kurasini, katika Barabara ya Kilwa ileile ambayo malori ya bandarini hupanga foleni kama watu wanaosubiri kupokea pilau. Hata yule kijana wa bodaboda, ambaye sijawahi kumsikia akikataa safari kwa kuogopa mwendo, alitikisa kichwa.

Ipo pia likizo ya ugonjwa, na sheria hiyohiyo haikufanya uchoyo: siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Tatizo ni kwamba likizo hiyo hudai cheti cha daktari, cheti kina muhuri, na muhuri una jina la mahali. Afisa utumishi wetu huisoma karatasi ya ED, ile ya daktari ya kumpumzisha mtu kazi, kwa utulivu ambao wazee huutumia kusoma barua ya posa, na akimaliza yeye, hufuata mhasibu, tarishi na mama wa chai. Hapa mjini ukitaja neno akili mbele ya watu watatu, wawili huwa wamekwisha kukupeleka Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, na aliyebaki anauliza basi la Dodoma linaondoka saa ngapi. Jino, kwa upande wake, ni ugonjwa wa heshima. Shehe huumwa jino, mchungaji huumwa jino, na hakuna anayeulizwa kama ni tatizo la ukoo.

Hivyo ndivyo jino lilivyozaliwa. Sikujua kwamba uongo nao huhitaji kulishwa. Juma la kwanza nilipewa pole na likaisha hilo. Juma la tatu mama ntilie wa nje ya geti, ambaye sikumwambia chochote, aliondoa sahani yangu ya wali maharage na kuniwekea kikombe cha uji, akisema, "Baba, usijitese." Tangu siku hiyo mchana wangu ni uji. Nimepungua suruali moja. Kuna jioni njaa ilinishinda, nikajificha nyuma ya kibanda cha mchoma mishkaki, na tarishi akanikuta na kipande cha nyama mdomoni; nilimwambia kwamba natafunia upande wa kulia. Bosi, ambaye ni mtu wa maamuzi, alinishauri mbele ya wateja: "Kijana, jino halibembelezwi. Ling'oe!" Mhasibu ndiye ninayemwogopa zaidi, kwa sababu juzi aliuliza kwa sauti ya mtu anayejumlisha kama binadamu hana meno 32, na kama kwa mwendo huu sijakaribia nusu.

Kuna Alhamisi moja ruhusa ilikataliwa, na mama akapendekeza tufanye kikao kwa simu. Wazo zuri, ila ofisi yetu ina vyumba viwili na sikio kila kona. Nikaenda kujifungia ndani ya pikapu ya kampuni iliyokufa injini tangu mwaka jana, nikapandisha vioo, joto likawa la tanuri ya mkate. Nilikuwa nimefikia mahali pagumu, ninaeleza kwa nini simu ikiita moyo hunienda mbio, jasho linadondoka hadi kwenye kioo cha simu, ndipo nikaona mlinzi ameinama dirishani, kofia mkononi, uso umejaa huruma. Aligonga kioo taratibu. Nikakishusha kidogo.

"Kaka," akaninong'oneza, "huyo mwanamke anayekuliza hivyo, achana naye."

Nilimjibu kwamba ninamlipa. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Alirudi kwenye kiti chake akiguna, na hadi leo nikipita getini hunitazama kama mtu aliyechelewa kuokolewa. Mama naye alisikia yote, akacheka kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane, kisha akaniambia kwamba muda umekwisha.

Vikao vyenyewe vinanisaidia, hilo silipingi. Siku hizi nalala hadi saa kumi na moja alfajiri na namba za makontena zinabaki bandarini. Ila kila nikiulizwa kitu gani kinanipa wasiwasi zaidi juma hili, najibu kwamba ni kufika hapa.

Sasa Jumatatu usiku, wakati natafuna muhogo wa kuchoma nyumbani kwangu kwa amani, gego la chini upande wa kushoto liliniuma kweli. Kufikia alfajiri shavu lilikuwa limevimba kama andazi. Nilikwenda kwa bosi bila kuigiza chochote, machozi yakiwa halali, nikaomba ruhusa. Alinitazama kwa mshangao wa mtu anayedhulumiwa. "Ruhusa ya jino si unayo?" akasema. "Ni Alhamisi saa nne."

Nilivumilia hadi jana Jumatano, nikitegemea karafuu na maji ya chumvi, kisha nikampigia yule mama kumwarifu kwamba kesho sitafika.

"Kuna nini?" akaniuliza.

"Nina jino, mama."

Kukawa kimya. Nilisikia kalamu ikiandika. "Jino," akarudia polepole. "Sawa. Tukikutana tutaanzia hapo, tuone hasa ni kitu gani unachokikwepa." Kisha akanikumbusha kwa upole uleule kwamba anayeahirisha bila kutoa taarifa ya saa 24 hulipia kikao kizima. Nilitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano asubuhi.