Creon alianza na maiti

Juzi mpwa wangu aliyeko chuo kikuu alinitumia picha ya slaidi ya somo lao la tamthilia, wanasoma Antigone ya Sophocles, mwandishi wa Ugiriki ya kale. Kichwa chake: "Sababu za Anguko la Creon." Chini yake vitone vitatu: kiburi, ulevi wa madaraka, kutosikiliza ushauri kutokana na kiburi. Nikamuuliza slaidi inayofuata iko wapi. "Haipo mjomba, mwalimu aliishia hapo. Kasema linatoka kwenye mtihani."

Haya. Litatoka, watajibu "kiburi", watapata alama zao, na Sophocles ataendelea na usingizi wake wa miaka zaidi ya 2,400 bila kusumbuliwa na mtu. Ila mimi nimekasirika, na ukurasa huu ni wangu. Kwa asiyeijua hadithi: Creon, mtawala wa mji wa Thebes, kakataza maiti ya mpwa wake Polynices, aliyekuja kuushambulia mji, isizikwe. Antigone, dada wa Polynices na mchumba wa Haemon mwana wa Creon, kaizika hata hivyo, na Creon kamfungia pangoni akiwa hai.

Kiburi kipo, sikatai. Mtu anayemwambia mwanawe mbele za watu kwamba ni mtumwa wa mwanamke hawezi kusingiziwa unyenyekevu. Lakini mwenye kiburi cha kweli hageuki, na Creon aligeuka! Antigone ina mistari 1,353. Inapofika 1,100 hivi, mtawala wa Thebes keshasalimu amri. Tiresias, yule nabii mzee kipofu, ametoka kumpa za uso, na Creon amebaki anawauliza wazee wa mji: nifanye nini? Semeni, nitatii. Hayo ndiyo maneno ya mtu aliyeangushwa na kutosikiliza ushauri? Imebaki mistari 250 na ushee, na vifo vyote vitatu vya nyumba yake bado havijatangazwa. Kama kosa lilikuwa kiburi, hapa kosa limekwisha. Mbona nyumba inateketea hata hivyo?

Rudini hapo msome taratibu. Wazee wanamjibu kwa maneno machache sana: nenda ukamtoe binti kwenye chumba cha mwamba, na umjengee kaburi yule aliyetupwa. Binti ametajwa kwanza. Na Tiresias naye, alipokuwa anamsomea mashtaka ya mwisho, alianza na uhai uliofungiwa kaburini, ndipo akaja kwenye maiti iliyonyimwa kaburi. Yaani Creon ameambiwa mara mbili, kwa mpangilio uleule. Na anaitikia vizuri tu. Anaita watumishi wote, waliopo na wasiokuwepo, washike mashoka, na anasema yeye aliyefunga ndiye atakayefungua.

Halafu anakwenda kuzika.

Mjumbe anayeleta habari ndiye anayetueleza, na anaeleza kwa utulivu wa kukera. Wakaenda mwisho wa uwanda, ilikolala maiti ya Polynices imeraruliwa na mbwa. Wakawaomba miungu Hecate na Pluto wapunguze hasira. Wakaiosha kwa maji matakatifu. Wakakata matawi mabichi, wakachoma kilichobaki. Wakainua tuta refu la udongo wa nyumbani. Ndipo sasa, baada ya yote hayo, wakaelekea pangoni. Jamani, matawi mabichi! Aliyewahi kuchochea kuni mbichi anajua hapo muda ulikwenda kiasi gani.

Kumbukeni pia hakuwa peke yake. Ana kundi zima la watumishi wenye mashoka. Angewagawa tu: ninyi nendeni na maiti, ninyi nifuateni pangoni. Haimjii akilini. Msafara wote unakwenda kwa marehemu.

Na msijifanye hamumjui mtu wa namna hii. Mtaani kwetu kulikuwa na mama mmoja, muuza maandazi, aliyehitaji hela ya upasuaji. Kikundi cha WhatsApp kikafunguliwa, kikapoa: mambo yamebana, mwisho wa mwezi, tuko pamoja katika maombi. Alipofariki, kabla jua halijazama tayari kuna mwenyekiti wa kamati, mweka hazina, turubai mbili, viti vya kukodi na mtu wa kurekodi video. Hela ilitoka wapi? Ilikuwepo. Wote tulikuwa watu wema siku ile, na wote tulikuwa na mikono michafu ya udongo. Kwa hiyo mtu akiniambia Creon ni dikteta wa Kigiriki asiyetuhusu, namwangalia tu.

Kwa nini alianza na maiti? Wapo wanaomtetea kwamba aliogopa miungu: madhabahu zimenajisika, sadaka hazishiki moto, ndege wanararuana, basi aondoe najisi kwanza. Utetezi huo una mantiki, nakubali kwa shingo upande. Ila kwangu mimi ndio unaozidi kummaliza. Maiti ya Polynices ilikuwa suala la serikali. Kulikuwa na amri, sasa kuna kufuta amri; unakwenda na watu wako, unaomba dua, unapandisha tuta linaloonekana kwa mbali, sera imerekebishwa. Pangoni kulikuwa na kazi ya namna nyingine kabisa. Kulikuwa na msichana, mtoto wa dada yake, aliyembishia mbele za wazee akamwambia kwamba tangazo lake halina nguvu ya kupita sheria za miungu zisizoandikwa. Huyo ilibidi asimame mbele yake, amtazame usoni, aseme nimekosa. Maiti haikumdai aombe radhi.

Hilo ndilo anguko ninalolisoma mimi. Kubadili msimamo aliweza. Kwenda kwa mtu aliyemkosea, akatanguliza maji ya kuoshea na kuni.

Na hakuanza kama mjinga, jambo ambalo slaidi za watu zinalificha. Hotuba yake ya kwanza ni nzuri: huwezi kuijua roho ya mtu mpaka uione kwenye uongozi na utungaji wa sheria, na anayemweka rafiki juu ya nchi hana maana. Mji umetoka vitani siku hiyohiyo. Polynices amekuja na jeshi la kigeni kuuchoma, na Athens yenyewe, ambako watu walikaa kuitazama tamthilia hii mnamo mwaka 441 KK hivi, ilikuwa na sheria ya kuwanyima wasaliti kaburi katika ardhi yake. Kwa hiyo waliomsikiliza siku hiyo si wote waliguna. Nelson Mandela aliigiza nafasi ya Creon kwa wafungwa wenzake kule Robben Island, na katika kumbukumbu zake anasimulia jinsi Creon anavyoanza kwa busara ya kiongozi kisha akashindwa kuiishi. Mfungwa wa serikali ya makaburu akivaa nguo za Creon! Hapo hata sijui niongeze nini.

(Kuna na ile tabia ya Creon ya kuona rushwa kila mahali. Mlinzi anakuja na habari, anajizungusha, anarudi nyuma, anajitetea kabla hajashtakiwa, tunacheka. Creon anaona hela. Tiresias anakuja na unabii. Creon anaona hela. Mtawala asiyeamini kwamba mtu anaweza kumpinga bure. Hilo peke yake lingetosha slaidi nzima, lakini endeleeni na kiburi.)

Antigone naye si malaika. Anavyomfyeka dada yake Ismene kwa maneno ni aibu, na siku nyingine nitaandika. Miungu, laana ya ukoo wa Oedipus baba yake, mgongano wa dola na familia ambao mwanafalsafa Hegel aliupenda mno, vyote vimo, chukueni. Wanaosema jina la tamthilia ni lake, basi anguko nalo ni lake, wahesabu mistari. Antigone anaondoka jukwaani kabla ya mstari wa 950. Mistari 400 na ushee iliyobaki anaimaliza Creon, na ni yeye anayerudi na mwili wa mwanawe mikononi, akimkuta mkewe Eurydice naye keshajiua madhabahuni, akimlaani.

Kuhusu Haemon nina neno. Sisi tumelelewa na "asiyesikia la mkuu huvunjika guu". Hapa mkuu ndiye aliyeambiwa. Haemon anaingia kwa adabu zote za mtoto: baba, mimi ni wako. Anamwambia mti unaoinama kwenye mafuriko hubaki na matawi yake, na unaoshindana na maji hung'oka na mizizi. Anamwambia mji wa mtu mmoja si mji. Jibu la Creon ni lile tunalolijua sote kutoka kwenye vikao vya ukoo: watu wa umri wetu tufundishwe akili na mtoto huyu? Mwanafalsafa Aristotle, kwa taarifa yenu, hakulipenda tukio la pangoni, pale kijana anapomchomolea baba yake upanga asimpate (kisha akajiua nao). Aliona kukusudia kitendo ukijua na kisha usikitende ni mpango dhaifu kuliko yote. Na aone hivyo. Yeye hakutemewa mate usoni na mwanawe mbele ya watumishi, kama Creon.

Najua hoja itakayokuja kwenye maoni: hata angeanza pangoni, Antigone angekuwa keshajinyonga. Labda. Sophocles hatuambii ulikuwa muda gani alipofunga kile kitanzi cha kitambaa chake. Lakini anatuambia jambo jingine waziwazi, na mwalimu wa mpwa wangu alipaswa kuliweka kwenye slaidi yake: Creon alipokaribia pango alisikia sauti ikilia, akaitambua. Ilikuwa sauti ya Haemon. Msafara ulipofika, pamoja na kuosha na kuchoma na kujenga tuta, mwanawe alikuwa bado mzima. Sasa punguzeni tuta hapo, punguzeni na kuni, mniambie kama bado mnahitaji kiburi kulijibu swali.