Eksirei za elektroni: duara au mstari?

Tangu leza ya elektroni huru (mashine ya mstari ulionyooka) ya maabara ya SLAC, California, ilipoanza kutoa eksirei mwaka 2009, wapo wanaodai kwamba mashine za duara zinazozungusha elektroni ili zitoe eksirei, yaani sinkrotroni, zimepitwa na wakati. Siafiki, ingawa hoja zao zina uzito.

Chanzo cha mwanga ni kilekile kwa mashine zote mbili. Elektroni inayokwenda kwa kasi inayokaribia ya mwanga ikipindwa na sumaku, hutoa mionzi. Mwanga huo ulionekana kwa macho mwaka 1947 katika maabara ya General Electric, Schenectady, na kwa wajenzi wa vichapuzi, yaani mashine za kuongeza kasi ya chembe, ulikuwa nishati inayopotea bure. Leo unatafutwa kwa makusudi. Elektroni hupitishwa kwenye undulata, safu ya sumaku zinazopishana ncha, nazo huyumba huku na huku. Sumaku zikijirudia kila sentimita 2, elektroni zenye nishati ya GeV 3 (elektronivolti bilioni 3) hutoa mawimbi yenye urefu usiofika nanomita 1 (sehemu ya bilioni ya mita): kasi hiyo imeufinya urefu wa sentimita 2 mara makumi ya mamilioni.

Tofauti inaanzia hapa. Kwenye duara kila elektroni humulika kivyake. Kwenye leza undulata ni ndefu kiasi kwamba mwanga wenyewe huzipanga elektroni katika matabaka membamba, zikamulika kwa hatua moja, na nguvu ikapanda maradufu kwa maradufu. Mipigo yake ya mwanga hudumu femtosekunde chache au makumi (femtosekunde ni sekunde iliyogawanywa mara milioni bilioni), wakati ya duara huchukua makumi ya pikosekunde, yaani mara elfu zaidi. Ndiyo maana leza huweza kunasa taswira ya fuwele ya protini kabla mpigo huohuo haujaisambaratisha. Duara haliwezi hilo, na hakuna ubishi.

Lakini elektroni za leza hupita mara moja tu, kisha hutupwa, na majaribio yanayoendeshwa kwa wakati mmoja ni machache. Tena mpigo mmoja haufanani na unaofuata, kwa kuwa mara nyingi mwanga huanzia kwenye mtawanyiko wa nasibu wa elektroni. Duara la ESRF, sinkrotroni ya Ulaya iliyoko Grenoble, Ufaransa, lenye mzingo wa mita 844, hulisha vituo vya majaribio zaidi ya 40 kwa pamoja, kwa mwanga tulivu, saa baada ya saa. Wala teknolojia yake haijalala: sinkrotroni ya MAX IV ya Sweden ilionyesha mwaka 2016 kwamba sumaku nyingi ndogo hubana elektroni vizuri zaidi, na ESRF ikafuata njia hiyo mwaka 2020 ndani ya handaki lilelile.

Swali la kwanza liwe kinachochunguzwa kinabadilika upesi kiasi gani. Kifungo cha kikemia kinachovunjika kinahitaji leza. Betri inayochajiwa kwa dakika kadhaa haihitaji. Waliojenga SESAME, maabara ya pamoja ya nchi kadhaa iliyoko Jordan, iliyozinduliwa mwaka 2017, walichagua duara la mita 133, na naona walichagua vyema: wanasayansi wa nchi wanachama, zikiwemo Misri, Iran, Israel na Pakistan, wana vituo vya kugawana. Leza yenye ukumbi mmoja ingewaacha wengi wao kwenye foleni.