Anga la Kigoma lina daftari

Juzi nilikuwa juu ya bati Ujiji, kwa bibi mmoja ambaye picha zilimkatikia tangu mvua ya Jumapili. Dishi lake ni lile la zamani la futi sita, bati zima. Ndani nilikuta maji ya kutosha kufulia shati, majani ya mwembe yameoza, na viluwiluwi wa mbu wanaogelea. Madishi ya huku yanalala chali. Setilaiti za matangazo zimepangwa juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, na sisi tuko nyuzi kama tano tu kusini yake. Dishi la Ulaya limesimama linatazama upeo wa macho, la kwetu linatazama utosini, basi mvua ikinyesha linakinga maji kama sufuria.

Nikawa natoboa tundu la kutolea maji. Mzee jirani aliyenishikia ngazi akauliza, "Hivi fundi, huko juu ni kwa nani?" Kabla sijafungua mdomo, kijana mmoja akadakia: "Anga halina mwenyewe, mzee wangu. Mwenye hela anarusha tu." Wote wakaitikia. Nimeshuka na neno hilo limenikaa kooni hadi leo.

Anga lina daftari. Linatunzwa na ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, kule Geneva, na kila nchi inayotaka kurusha setilaiti inapeleka maombi: masafa gani, nafasi gani ya obiti, yaani njia ambayo setilaiti inaizunguka dunia, mawimbi yataangukia wapi. Aliyetangulia kuandikisha ndiye anayelindwa. Anayekuja nyuma lazima akae naye wakubaliane ili mawimbi yasigongane, na asipokiweka chombo angani ndani ya miaka saba, haki yake inafutwa. Hela bila jina kwenye daftari hilo haikupi ulinzi wowote.

Kinachoniuma ni huo utaratibu wa aliyetangulia. Nani alitangulia? Waliokuwa na roketi wakati sisi bado tunachimba visima. Mkataba wa anga za juu wa 1967 ulikataza taifa lolote kujimilikisha anga, na katiba ya ITU, ibara ya 44, inasema masafa na obiti ni maliasili yenye kikomo, itumike kwa haki, na mahitaji ya nchi zinazoendelea yazingatiwe. Maneno mazuri, nayaamini. Mwaka 1976 nchi za ikweta zilikutana Bogotá, wakiwemo jirani zetu Kenya, Uganda na Zaire, zikadai kipande cha obiti kilicho juu ya ardhi yao ni chao. Dunia haikukubali. Kisheria, nakiri kwa shingo upande, hoja yao ilikuwa dhaifu. Lakini uchungu wao ulikuwa wa kweli, na kelele za nchi maskini za miaka ile zilizaa kitu: mwaka 1988 ukapitishwa mpango ambamo kila nchi mwanachama, na Tanzania imo, imetengewa nafasi yake na masafa yake, iwe na roketi au isiwe nayo.

Kwa hiyo, kijana wangu wa Ujiji, tuna kiwanja huko juu.

Ila kiwanja kisichojengwa unajua yanayokipata. Jirani anapanda mti mpakani, mwingine anajenga choo, na siku unapokuja na tofali zako huna pa kupitia. Ndivyo ilivyokuwa kwa nchi nyingi, hasa upande wa matangazo ya televisheni, ambako mpango wa kwanza ni wa 1977. Mifumo mipya iliandikishwa pembeni ya nafasi zao, mawimbi yakarundikana, na nafasi ikabaki kwenye karatasi huku kwa matumizi imeharibika. Mwaka 2019, mkutano mkuu wa masafa wa ITU uliofanyika Sharm el-Sheikh, Misri, ulifungua mlango maalumu kwa nchi zilizoumizwa hivyo ziombe nafasi mpya. Nchi za Afrika ziliupigania mlango huo kwa pamoja, na wahandisi wetu waliokesha na mahesabu yale wanastahili heshima ambayo hakuna redio inayowapa.

Tonga, ufalme wa visiwa wenye watu kama laki moja, mwishoni mwa miaka ya 1980 iliomba nafasi 16 kwa mkupuo. Wakubwa walipiga kelele, ikapunguza, lakini ilibaki nazo kadhaa. Visiwa vile! Na sisi na ukubwa wetu?

Sisemi utaratibu wote utupwe. Bila kupanga foleni, mawimbi yangeuana na bibi yule asingeona taarifa ya habari. Hata hapa chini, nenda Kagunga, kijiji cha mpakani, uone simu inavyokukaribisha Burundi miguu yako ikiwa Tanzania. Na hizo setilaiti ndogo za intaneti zinazopita chini kwa maelfu nazo zimo kwenye daftari hilohilo.

Ninachodai ni kwamba tuache kulisema anga kama pori lisilo na mtu. Mkutano mkuu wa masafa hufanyika kila baada ya miaka mitatu hadi minne, ujao ni 2027, na humo Tanzania ina kura moja sawasawa na Marekani. Kura hiyo inahitaji watu waliokaa na hesabu za masafa miaka kumi, siyo waliopewa faili wiki moja kabla ya safari. Inahitaji mtoto wa sekondari hapa Kigoma ajue kwamba kazi hiyo ipo.

Picha iliporudi, mjukuu wa bibi, wa darasa la tano hivi, alipanda ngazi hadi kichwa kikatokeza juu ya bati. Akaniuliza hiyo setilaiti ni ya nani. Nikamwambia ni ya watu wa mbali.

"Na yetu?"

Nikamwambia nafasi ipo, imeandikwa, chombo bado. Akatazama juu muda mrefu, mkono umekinga jua, kisha akaniomba nimwonyeshe ni upande gani.