Mume kama mtoto asojua kunena

Juzi Jumapili binti ya kakangu, yuko fom foo, kaja hapa kwetu Kibokoni na swali lake la ushairi, "bainisha dhamira na taswira za mwanamke", na jibu kashaliandika: mwanamke ni mtiifu, mwanamke ni mvumilivu, mwanamke ni mlezi. Nikamuuliza, na taswira je, zile picha za maneno? Akanambia shangazi, kwa noti ziko hizo hizo tu. Noti zenyewe fotokopi ya fotokopi, imefifia mpaka herufi zingine unabahatisha.

Na shairi lenyewe ni Utendi wa Mwana Kupona! Jamani. Utendi wa 1858, wa mwanamke wa huku huku pwani, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu aliyepambana na Sultani wa Zanzibar, halafu mtoto wa Mombasa anaujua kwa maneno matatu ya noti.

Mi nikamwambia hebu weka noti, soma mwanzo. Mama mgonjwa, mwaka mzima maradhi yamemshika, anamwita bintiye aje akae mbele yake na wino na karatasi. Wino na karatasi! Huyo ndo mwanamke wa kwanza tunayemuona humo, na noti hazimtaji kabisa. Kisha anamwambia atampa hirizi aifunge kwa uzi, atamtungia kidani cha lulu na marijani amvike shingoni, yaani usia wake ni kitu cha kuvaa, cha thamani, na kutunga ni neno lile lile la shanga na la shairi. Mtu ukishaona hapo basi dhamira inakuja yenyewe, lakini sisi tunafundishwa dhamira kwanza halafu taswira tunaitafuta baadaye kama kiatu kilochopotea chini ya kitanda.

Wanaume pia wameandika kuhusu wanawake, sikatai. Senghor, yule mshairi wa Senegal, ana shairi lake la mwanamke mweusi, la 1945, zuri kweli, ila mwanamke mwenyewe ni tunda, ni savana, ni Afrika nzima, na hasemi hata neno. Lawino, yule mke kwenye shairi la Okot p'Bitek wa Uganda, angalau anasema, tena anasema sana, mumewe haponi.

Turudi kwa Mwana Kupona. Kuna pahala anamfundisha binti kumpepea mume, kumnyoa, kumfukiza, akilala asimwamshe, na kwamba amtunze kama mtoto asojua kunena. Hapo noti zinasema "utiifu". Utiifu gani? Mtoto mchanga humtii, unamlea! Wengine watasema namtilia bi mkubwa maneno mdomoni, na dini imo humo na pepo imo humo, sawa, lakini tashibihi, huko kufananisha kwa "kama", ni yake mwenyewe, mimi sikuiweka.

Mamangu alikuwa kibarazani anachambua mchele, leso kajifunga kiunoni, nikadhani hasikii. Kumbe. Akacheka mpaka ungo ukatikisika. "Kama mtoto? Ndivo walivo. Babu yenu miezi ya mwisho mimi ndo nlikuwa nikimnyoa, uji kwa kijiko, na bado akinigombeza chumvi haiko."

Binti akauliza, shangazi, hiyo nikiandika itakuwa na maksi?

Nikamwambia andika. Akaandika, kwa penseli.