Taa ya nyuma ya baiskeli: itulie au imweke?

Taa za baiskeli zinazouzwa siku hizi, hata zile za bei ya chini, huja na mitindo kadhaa kwenye kitufe kimoja: kuwaka mfululizo, kumweka polepole, kumweka haraka, kufifia na kung'aa kwa zamu, na ule wa kuchezacheza bila mpangilio kama taa za disko. Wengi huishia kwenye huo wa mwisho kwa sababu ndio unaoonekana mkali zaidi dukani. Kwenye barabara kuu isiyo na taa za njiani, ndio mbaya kuliko yote.

Hata sheria za nchi hazikubaliani. Ujerumani na Uholanzi zinakataza taa za baiskeli zinazomweka. Uingereza iliziruhusu mwaka 2005, kwa sharti kwamba mimweko iwe kati ya 60 na 240 kwa dakika. Pande zote mbili zina hoja nzito, ila kila upande unajibu swali lake.

Swali la kwanza ni kama dereva atagundua kuwa mbele yake kuna kitu. Hapo mweko unashinda. Jicho, hasa kwa pembeni, huvutwa haraka na kinachobadilika. Mjini, kati ya taa za maduka, magari na bodaboda, nukta nyekundu iliyotulia humezwa. Mchana ni zaidi: taa ndogo ikiwaka mfululizo juani, dereva anaweza asiione kabisa.

Swali la pili ni kama dereva ataweza kukadiria baiskeli iko umbali gani na inakwenda upande gani. Hapo mweko unaanguka. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hula mita 22 kila sekunde. Taa ikimweka mara moja kwa sekunde, na kila mweko ukidumu sehemu moja ya kumi ya sekunde, gari litakwenda mita 20 wakati taa imezima. Jicho halina cha kufuata. Kila mweko ni kama kuanza upya kuitafuta baiskeli. Mwanga uliotulia humwezesha dereva kuona jinsi anavyoukaribia. Mimweko minne kwa sekunde hupunguza pengo hilo hadi chini ya mita 6, na hapo dereva anaweza kukadiria, ingawa si kwa uhakika uleule.

Tena mweko mfupi huonekana hafifu kuliko ulivyo. Wanasayansi wa Kifaransa Blondel na Rey walitoa kanuni yake mwaka 1911: ukali unaohisiwa kwa mbali ni ukali halisi mara muda wa mweko, kisha gawanya kwa muda huo ukijumlisha sekunde 0.2. Mweko wa sekunde 0.1 huhisiwa kama theluthi ya taa hiyohiyo ikiwaka mfululizo. Wa sekunde 0.05, kama sehemu moja ya tano. Kwa haki, watengenezaji wengi hufidia kwa kuupa mweko umeme mwingi zaidi, lakini taa za bei nafuu mara nyingi hazifanyi hivyo.

Hoja ya betri nayo si ya kupuuzwa. Taa inayokula mA 100 (miliampea) kutoka betri ya mAh 500 (miliampea-saa) huzima baada ya saa 5. Ikiwaka moja ya tano tu ya muda, inafika karibu saa 25. Kwa mtu anayechaji mara moja kwa wiki, hiyo ni tofauti ya kufika na taa au kufika gizani, na hapo ningechagua mweko bila kusita.

Wanaotetea mweko hupenda kutaja jaribio la Odense, Denmark, la 2004 hadi 2005. Kati ya waendesha baiskeli 3,845, waliofungiwa taa zinazowaka muda wote walipata ajali zenye majeruhi pungufu kwa asilimia 19. Lakini jaribio lile lililinganisha taa za kudumu na mazoea ya kawaida ya kuwasha giza likiingia. Halikulinganisha mweko na mwanga tulivu, kwa hiyo lisibebeshwe hoja hiyo.

Kwa usiku, bora ni taa mbili nyuma: moja imetulia, nyingine inamweka polepole. Ukiwa na moja tu, chagua mtindo wa kufifia na kung'aa usiozima kabisa. Kama haupo, mwanga tulivu. Mchana na mjini, mweko. Taa ya mbele kwenye giza itulie daima, maana wewe mwenyewe unahitaji kuliona shimo kabla ya tairi.

Pima kasi kwa saa ya simu: hesabu mimweko kwa sekunde 15, zidisha kwa nne. Ukishindwa kuhesabu, ni ya haraka mno. Mimweko kati ya 3 na 30 kwa sekunde inaweza kumletea degedege mwenye kifafa kinachochochewa na mwanga, na huo wa disko mara nyingi huangukia humo.

Kisha ifunge vizuri, kwa sababu hapa ndipo taa nyingi nzuri hupotea. Iliyofungwa chini ya kiti hufichwa na gunia la mkaa au kreti ya soda. Ihamishie mwisho wa keria. Iliyo sentimita 80 kutoka ardhini ikiinama digrii 10 tu, kiini cha mwanga hugonga lami mita 4 na nusu nyuma yako, na dereva hupata mabaki. Pakia mzigo wako wa kawaida, simamisha baiskeli, rudi nyuma hatua mia moja, uitazame. Hakikisha pia kifuniko cha mpira kwenye tundu la kuchajia kimebana. Maji yakiingia, tundu hushika kutu na taa haichaji tena.

Mkiwa msafara, mweko ubaki kwa wa mwisho peke yake. Wa katikati watulize taa zao, maana anayefuata kwa mita tatu anapigwa machoni njia nzima.