Bujumbura au Mpulungu? Usichague kwa macho

Mtu wa Kigoma akisema anakwenda kutafuta maisha nje, si lazima awe na tiketi ya ndege mfukoni. Nje kwetu ni karibu. Ukipanda Hiace ya Manyovu alfajiri na mambo yakienda sawa mpakani, jioni unakula mgebuka Bujumbura, ambako wanamwita mukeke. Ukiteremka na Ziwa Tanganyika kusini mpaka linapoishia, unamkuta samaki huyohuyo Mpulungu, Zambia, kwa jina la bukabuka. Kwa kijana wa Mwanga au Ujiji anayetaka kuhama bila kuliacha ziwa, hiyo ndiyo miji miwili inayobishaniwa. Uvira na Kalemie za Kongo naziweka pembeni. Anayekwenda huko ana hesabu za usalama ambazo haziingii katika mizani hii.

Ubishi wenyewe mara nyingi huanza na picha za simu. Mmoja anaonyesha fukwe za Bujumbura, jua likizama nyuma ya milima ya Uvira. Mwingine anajibu kwa maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, maji yanayoanguka zaidi ya mita 200, karibu mara mbili ya Victoria Falls. Bujumbura ina viboko wanaotoka majini jioni kula nyasi karibu na baa. Mpulungu ina hifadhi ya Nsumbu upande wa pili wa maji, pamoja na utulivu ambao mji mkubwa hauwezi kukupa. Kwa uzuri, wametoka sare. Lakini mtu aliyekulia Bangwe au Katonga hahitaji kuvuka mpaka ili aone ziwa. Swali ninaloona linaachwa ni hili: hela utakayoipata huko, itarudije nyumbani, na itafika ikiwa na thamani gani?

Bujumbura ina mvuto wa haki kabisa, na si umbali peke yake. Kiha na Kirundi ni ndugu wa damu; Muha akiingia sokoni Bujumbura anasikia karibu kila kinachosemwa, na akiongea anaeleweka. Asiyejua Kiha ana Buyenzi, mtaa wa Waswahili, ambao mizizi yake inafika mpaka Ujiji na Manyema. Buyenzi ndiko ziliko gereji. Magari yamebanwa kando ya barabara, injini iko chini kwenye turubai, kijana amelala chini ya gari miguu ikichungulia nje, na mabishano yote kuhusu gasketi yanaendeshwa kwa Kiswahili. Fundi mwenye mikono mizuri kutoka Gungu haulizwi cheti pale. Anapewa spana na gari bovu, basi, mchana wameshamjua.

Zaidi ya hapo, Burundi imo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na itifaki ya soko la pamoja inafanya kazi tangu Julai 2010. Kwenye karatasi, Mtanzania aliyepata mkataba wa kazi wa zaidi ya siku 90 anaomba kibali akiwa na haki ya kukiomba, si kama mtu anayesubiri huruma. Nasema kwenye karatasi kwa sababu kila nchi mwanachama ina orodha yake ya kazi ilizozifungulia wenzake, na fundi wa mtaani asiye na mkataba hayumo katika hesabu hiyo. Anaishi kwa kujuana.

Tabu ya Bujumbura inaanzia kwenye faranga. Kwa miaka kadhaa sasa bei ya dola benki na bei yake mtaani zimeachana vibaya. Mei 2023 serikali ilishusha thamani ya sarafu kwa kiwango kikubwa ili kuziba pengo, lakini likafunguka tena, na kufikia 2025 dola ya mtaani ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya benki. Maana yake kwa fundi wetu ni hii: akilipwa faranga ambazo kwa hesabu ya benki ni dola 100, akienda kuzibadili kwa anayekubali kumpa dola hizo, anatoka na pungufu ya 50. Jasho ni lilelile, nusu imepotelea njiani. Mfanyabiashara mzoefu anaikwepa hasara hiyo kwa kutokaa na faranga kabisa. Anapeleka chumvi ya Uvinza au dagaa, anauza, na siku hiyohiyo anageuza hela kuwa bidhaa itakayouzika Kigoma. Kwa hiyo Bujumbura inamfaa anayezungusha mali. Anayelipwa mshahara na kuuweka kibindoni inamwumiza, hata kama mshahara huo ukitajwa unasikika mnono.

Kuna na mafuta. Foleni za petroli Burundi zimekuwa sehemu ya maisha, magari yakilala vituoni. Gereji inakosa wateja kwa sababu magari hayatembei, nauli zinapanda, na bei ya chakula inafuata nyuma. Dereva wa Kigoma naye atakumbuka kwamba kule wanaendesha upande wa kulia wa barabara, jambo dogo mpaka siku ya kwanza ya kukunja kona.

Halafu kuna jambo ambalo Kigoma hatuhitaji kusimuliwa. Mwaka 2015, Bujumbura ilipochafuka, maelfu ya watu walijazana Kagunga, kijiji chetu cha mpakani, wakilala ufukweni, kipindupindu kikawaingilia, na meli ya Liemba ikawa inawabeba kuwaleta mjini. Kabla ya hapo kulikuwa na mauaji ya 1993, na kabla yake ya 1972. Miaka ya karibuni mji umetulia, na si haki kuuhukumu kwa majeraha yake ya zamani. Ila anayefungua duka anatakiwa ajiulize atatokaje siku mambo yakiharibika. Zambia wamebadilishana madaraka kwa kura mwaka 1991, 2011 na 2021, na aliyeshindwa akaenda nyumbani kwake. Kwa mtu anayeweka mtaji wa miaka kumi, hilo lina uzito kuliko machweo yoyote.

Mpulungu basi. Ni mji mdogo, tena mdogo hasa, lakini ndiyo bandari pekee ya Zambia kwenye ziwa hili, na saruji na sukari za Zambia zinapita pale kwenda Burundi na Kongo. Ajira ziko kwenye mnyororo huo: wakala wa forodha, karani wa shehena, fundi wa injini za boti, mwenye stoo, mama lishe wa wapakizi, na mnunuzi wa dagaa, ambao kule wanaitwa kapenta. Gatini na sokoni Kiswahili kinapita. Ofisini ni Kiingereza, na hapo Mtanzania mwenye cheti ana nafuu kuliko Bujumbura, ambako ofisini utakutana na Kifaransa. Mwalimu, muuguzi au mhasibu aliyesoma kwa Kiingereza kuanzia kidato cha kwanza hahitaji kuanza upya kwenye lugha ya kazi.

Kwacha, sarafu ya Zambia, nayo si mwamba. Zambia ilishindwa kulipa deni lake mwaka 2020, na ukame wa 2024 ulipokausha bwawa la Kariba, umeme ukawa wa kuhesabu saa. Mwenye friji la samaki anajua maana yake. Hata hivyo bei ya kwacha unayoiona benki ndiyo utakayobadilishia, zaidi au pungufu kidogo. Unaweza kupanga bajeti. Mimi naona hilo ndilo linaloipa Mpulungu ushindi kwa anayetegemea mshahara.

Inachopoteza Mpulungu ni umbali na karatasi. Liemba, iliyounganishwa hapahapa Kigoma enzi za Wajerumani, ndiyo ilikuwa daraja letu la kusini. Iliposimama miaka kadhaa kwa ajili ya ukarabati, abiria walibaki na maboti ya mizigo au safari ndefu ya barabara: Mpanda, Sumbawanga, Matai, Kasesya, kisha Mbala ndipo uteremke ziwani. Ukifiwa Ujiji, kuwahi mazishi kutoka Mpulungu ni bahati. Kutoka Bujumbura unawahi. Watu hucheka hoja hii ikitajwa kwenye mazungumzo ya mtaji, ila wengi wanaokata tamaa ya ugenini huikatia hapo. Upande wa karatasi, Zambia haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tuko nayo SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, lakini huko hakuna itifaki ya kazi unayoweza kuiegemea namna hiyo. Kibali cha ajira au cha biashara kinatafutwa mapema na kwa gharama, na anayeingia kama mgeni wa kutembea kisha akafungua duka anajitafutia kufukuzwa.

Hapo tusijifanye tumeonewa. Julai 2025 Tanzania ilipiga marufuku wageni kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo uwakala wa fedha za simu, ufundi wa simu na saluni. Wakenya walilalamika kwa sauti. Serikali ya Burundi au ya Zambia ikiamua kesho kuwafungia Watanzania biashara ndogondogo, itakuwa imeiga darasa letu. Kwa mantiki hiyo biashara ya mtaji mdogo, ndiyo wengi wetu tunayoitaka, ndiyo isiyo na kinga pande zote mbili. Mwenye ujuzi unaotafutwa amekaa vizuri zaidi.

Wa samaki waongeze hesabu moja. Nchi za ziwa zimekubaliana kupumzisha uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na 2024 Kigoma tuliuona mwalo wa Kibirizi ukiwa kimya kwa miezi hiyo. Ukikodi chumba na stoo ugenini, kodi haipumziki.

Na kwenye kodi, uzuri unageuka mtego. Kiwango cha maji ya Tanganyika kimepanda sana tangu 2020. Gatumba na Kajaga, pembeni ya Bujumbura, watu wamehama nyumba zikiwa zimejaa maji, kama tulivyoona wenyewe Kibirizi. Chumba cha bei poa chenye mandhari ya ziwa mara nyingi ni cha bei poa kwa sababu hiyo. Kapange juu, maeneo yaliyopanda kuelekea milimani, ziwa uende kuliangalia Jumapili.

Kwa hiyo mimi ningemwambia fundi na mchuuzi aende Bujumbura, asihamie: awe na kituo Buyenzi, familia na akiba zibaki Kigoma. Mwenye cheti na mkataba aende Mpulungu na familia yake, akishapata kibali, si kabla. Wote wawili wabebe kitambulisho cha taifa na cheti cha kuzaliwa, na nakala ziachwe kwa mtu nyumbani. Mtu wa Kigoma, kwa kuwa ni wa mpakani, anaulizwa uraia hata akiwa hajatoka Mwandiga, hapa jirani. Akirudi baada ya miaka mitano na lafudhi ya Kirundi au Kibemba mdomoni, maswali yatakuwa marefu zaidi.