Tairi likigoma kuingia kwenye rimu

Tairi la baiskeli ya mbio likibana, mtu hulaumu vidole vyake kwanza, halafu analilaumu tairi. Kwa maoni yangu lawama hizo mara nyingi zinakwenda kusiko. Kinachokosekana ni nafasi, na nafasi hiyo imo ndani ya rimu yenyewe.

Itazame rimu ikiwa tupu. Kila upande kuna kibega ambacho ukingo wa tairi hukikalia likishajaa upepo. Katikati kuna mfereji ulio chini kuliko vibega hivyo. Ndani ya ukingo wa tairi mna waya wa chuma au nyuzi za aramidi, na hakuna mkono wa mtu unaoweza kuvirefusha, hata ukitoa jasho namna gani. Unachoweza ni kuushusha ukingo mferejini upande mmoja ili ulegee upande wa pili. Hesabu yake ni fupi: mfereji ukiwa chini ya kibega kwa milimita 3, mzunguko wake ni mfupi kwa karibu milimita 19. Huzipati zote, maana kipande cha mwisho lazima kipite juu ya ukuta wa rimu, lakini hata nusu yake inatosha kabisa.

Ndiyo maana mshukiwa wangu wa kwanza huwa utepe wa rimu. Utepe wenye unene wa milimita 1 unakula milimita 6 za ule mlegeo. Ukizungushwa mara mbili, 12. Watu wananunua tairi jipya kumbe dawa ilikuwa kubandua utepe wa zamani na kuweka mwembamba, unaolala chini kabisa ya mfereji na kufunika matundu yote ya spoki. Ila usiuondoe ukaacha rimu wazi. Tyubu itasukumwa ndani ya tundu la spoki na kupasuka.

Kosa linalofuata ni la mahali pa kumalizia. Wengi huanzia kwenye valvu kwa kuwa ndiko tyubu inakoanzia, wakamalizia upande wa pili. Fanya kinyume chake. Shina la valvu na kitako kinene cha tyubu vimejaza mfereji pale, kwa hiyo ukingo hauwezi kuzama. Ukimalizia mbali na valvu, unaudai mlegeo kutoka mahali pasipo na mlegeo.

Ukingo wa kwanza kwa kawaida huingia bila ugomvi. Itie tyubu upepo kidogo tu, kiasi cha kushika umbo la duara, ipake poda ili isigande na mpira, kisha ipange ndani ya tairi. Nati ya valvu iache kando kwa sasa. Anza ukingo wa pili mkabala na valvu, mikono miwili ikipanda pande zote mbili kwa pamoja, na kila unapopita bana kingo zote mbili ziingie katikati.

Zikibaki sentimita 10 au 15, tairi litakaza kama ngoma. Hapo ndipo watu hunyakua liva, kile kijiti cha kuchokolea tairi, na hapo ndipo tyubu nyingi hutobolewa kabla hazijaonja barabara. Simama kwanza. Toa upepo wote uliobaki. Rudi chini mkabala na valvu, bana kingo mferejini upya, kisha vuta tairi kwa viganja viwili kuelekea juu, kama unalikamua, mpaka ufike kwenye valvu. Rudia mara mbili au tatu. Utaona ukingo uliokuwa umenyooka kama uzi wa gitaa umeanza kucheza.

Kipande cha mwisho usikisukume katikati kwa vidole gumba. Anzia pembeni, ukiviringisha tairi kwa kitako cha kiganja sentimita 2 kwa 2. Upande mwingine ukianza kuchomoka, ufunge kwa mkanda kwenye rimu au ukandamize kwa goti. Maji ya sabuni kidogo ukingoni husaidia. Liva ikibidi, iwe ya plastiki, iingie kidogo tu, tena baada ya kuhakikisha tyubu haimo chini yake. Bisibisi iache kwenye sanduku. Inakwaruza rimu na kukata tyubu kwa wakati mmoja.

Kabla ya kujaza, isukume valvu ndani kisha ivute, ili kitako cha tyubu kisinaswe chini ya ukingo. Zungusha gurudumu ukibonyeza tairi pande zote mbili. Ukiona tyubu inachungulia popote, usijaze, italipuka. Jaza kidogo, angalia ule mstari wa ubavuni uwe umbali ule ule kutoka kwenye rimu mzunguko mzima, kisha malizia.

Rimu za tairi lisilotumia tyubu hubana zaidi kwa makusudi, kwa sababu ukingo lazima uzuie upepo. Mbinu ni ile ile. Zile ambazo ukuta wake hauna ndoano ya kushika ukingo zina kikomo cha shinikizo la upepo cha bar 5, hata kama ukingo umekataa kukaa vizuri.

Zipo rimu na tairi ambazo zote zimeandikwa 622, yaani kipenyo cha milimita 622 pale ukingo unapokalia, na bado hazipatani, kwa sababu kila kiwanda huruhusu vipimo vyake vipishane kidogo. Ukishabadilisha utepe, ukafuata haya yote, na bado unahitaji liva tatu, zitenganishe. Sioni faida ya tairi ambalo mtu hawezi kulirudisha peke yake kando ya barabara, mikono ikiwa na baridi. Lijaribu nyumbani kwa liva zile zile unazobeba safarini: achanisha kingo na vibega pande zote mbili, zishushe mferejini, halafu chokoa karibu na valvu, upana wa kiganja kutoka kwenye shina lake.